Kuteua watu wa utafiti wa saikolojia Nairobi: nani anaingia, nani anaachwa nje

Tasnifu nyingi za saikolojia zina sura ya tatu inayofanana: jamii lengwa (watu ambao utafiti unataka kuwazungumzia), fomula, jedwali, kisha sentensi moja kwamba sampuli iliteuliwa kwa njia nasibu. Ukidadisi kidogo unagundua kwamba kiungo cha hojaji kilitumwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa, au mtafiti alisimama steji, yaani kituo cha bodaboda, akahoji waliokubali. Hapo hakuna nasibu yoyote. Sampuli huwa nasibu pale kila mtu aliye kwenye orodha anapokuwa na nafasi inayojulikana ya kuteuliwa, na uamuzi wa nani aingie hauko mikononi mwa mtafiti, wala mwa mwenyekiti, wala mwa mhojiwa mwenyewe.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi ripoti: kupima dalili za sonona (ugonjwa wa huzuni kali) kwa wahudumu wa bodaboda katika eneo bunge moja kati ya 17 ya Nairobi. Chombo ni PHQ-9, yaani maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja likipewa alama 0 hadi 3, jumla 0 hadi 27. Mpaka unaotumika sana ni alama 10: kuanzia hapo mtu anahesabiwa kuwa na dalili. Bodaboda wanafaa kwa mfano kwa sababu karibu kila kosa la uteuzi linapatikana kwao.

Amua kwanza swali ni la aina gani

"Ni wahudumu wangapi wana dalili za sonona?" ni swali la kiwango. Jibu lake linategemea nani ameingia kwenye sampuli, kwa hiyo uteuzi nasibu ni wa lazima. "Je, mazoezi ya kupumua ya dakika kumi kila siku yanapunguza wasiwasi?" ni swali la athari. Hilo linahitaji ugawaji nasibu: kura inaamua nani aanze mazoezi leo na nani asubiri. Watu wanachanganya mambo haya mawili kila mwaka. Jaribio lenye ugawaji mzuri linaweza kufanywa kwa watu waliojitolea na likajibu swali lake vizuri, mradi usidai kwamba athari itakuwa vilevile kwa kila mtu jijini. Utafiti wa kiwango uliofanywa kwa watu waliojitolea haujibu chochote.

Aina ya swali ndiyo inayotoa ukubwa wa sampuli pia. Ile 384 inayonakiliwa kila mahali ni hesabu hii: 1.96 (namba ya uhakika wa asilimia 95) kipeo cha pili, mara 0.5, mara 0.5, gawanya kwa 0.05 kipeo cha pili. Inapatikana 384.16, na kwa kuwa huwezi kuhoji sehemu ya mtu, ni 385. Inafaa kukadiria asilimia moja, kwa kosa la pointi tano juu au chini, katika jamii kubwa, ukiteua mtu mmoja mmoja moja kwa moja. Ukilinganisha wastani wa makundi mawili na kutarajia tofauti ya nusu ya mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika), watu 64 kwa kila kundi wanatosha kukupa nguvu ya asilimia 80 kwenye kiwango cha 0.05, yaani nafasi ya asilimia 80 ya kuiona tofauti ikiwepo, na asilimia 5 tu ya kuiona isipokuwepo. Ukitafuta uhusiano wa 0.3 kati ya vigezo viwili, takriban watu 85. Fomula ya Yamane nayo, N gawanya kwa (moja jumlisha N mara e kipeo cha pili), N ikiwa ukubwa wa jamii na e kosa unalokubali, ni ya swali la kiwango tu. Kuitumia kwenye jaribio la tiba ni kupima unga kwa rula.

Orodha ndiyo kazi yenyewe

Kila steji iliyopangika ina mwenyekiti na daftari la wanachama. Tembelea steji zote za eneo bunge, nakili idadi, na upe kila mwanachama namba badala ya kubeba jina lake. Simu na majina yabaki kwenye karatasi tofauti iliyofungiwa kabatini. Habari za afya ya akili ni data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kamati ya maadili itakuuliza juu ya kabati hilo kabla hujafika NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kuomba leseni ya utafiti.

Daftari lina makosa ya pande mbili. Wapo wasiopaswa kuwemo: waliohamia kazi nyingine, waliorudi mashambani, walioandikwa katika steji mbili kwa sababu asubuhi wako hapa na jioni kule. Wapo waliokosekana: deiwaka anayeshika pikipiki ya mwenzake usiku, mgeni ambaye hajamaliza ada ya kujiunga, na wale wanaopata wateja kupitia programu za simu ambao hawana steji kabisa. Waliozidi utawaondoa kwa kupitia daftari pamoja na mwenyekiti na mtu mwingine mmoja, maana mwenyekiti peke yake ana sababu zake za kukuza au kupunguza idadi. Deiwaka waongezwe kwa kumuuliza kila mwenye pikipiki nani mwingine anaiendesha. Wa programu za simu hawaingii kwa njia hii. Basi jamii lengwa yako iandikwe hivyo tangu ukurasa wa kwanza: wahudumu wenye steji.

Usikubali idadi ya kusikia. Kwa miaka mingi mtaa wa Kibera ulisemwa kuwa na watu milioni moja, mpaka sensa ya 2009 ilipohesabu takriban 170,000. Mtu aliyegawanya sampuli yake kwa vitongoji akitumia ile milioni alikuwa anagawanya hewa.

Kundi moja linahitaji sentensi zake. Mhudumu aliyevunjika mguu miezi mitatu iliyopita hayuko steji, na mara nyingi mwenyekiti atakuambia "huyo aliacha". Ukimfuta, unabaki na wenye afya, na sonona itaonekana ndogo kuliko ilivyo. Mwache kwenye orodha kila ambaye amefanya kazi siku yoyote ndani ya miezi sita iliyopita, hata kama leo yuko kitandani. Wengine hujaribu kufidia pengo hili kwa kwenda wodi ya mifupa na kuhoji bodaboda waliolazwa. Hilo linaleta kasoro nyingine, iliyoelezwa na mtakwimu Berkson mwaka 1946: anayefika hospitali mara nyingi ana zaidi ya tatizo moja, kwa hiyo ukiwa wodini utaona majeraha na sonona vikiandamana hata kama mtaani haviandamani.

Hesabu ya steji

Tuchukulie umepata steji 120 zenye wahudumu 3,600. Kumteua mtu mmoja mmoja katika eneo zima kutakumaliza kwa nauli, kwa hiyo unateua steji kwanza, kisha watu 15 ndani ya kila steji. Bei yake ni kwamba watu wa steji moja wanafanana: askari ni wale wale, barabara ni ile ile, chama ni kimoja. Watu 15 wanaofanana hawana habari ya watu 15 kamili. Kuza sampuli kwa moja jumlisha (15 toa 1) mara kiwango cha kufanana. Kwa kufanana kwa 0.03 hiyo ni 1.42, na 385 inakuwa 547. Kufanana kwenyewe kukadirie kutoka majaribio yako au tafiti za karibu. Ukikuweka sifuri ili namba ipungue, unajidanganya.

Kwa kuwa jamii ni 3,600 tu, unaruhusiwa kupunguza: 547 gawanya kwa (1 jumlisha 546 gawanya kwa 3,600) ni 475. Ukitarajia mmoja kati ya watano akukose au akatae, gawanya 475 kwa 0.8, upate 594. Steji 40 mara watu 15 ni 600. Inatosha.

Sasa andika steji zote 120 kwenye Excel, ukizipanga kwa wadi ili kila wadi iguswe, na safu ya pili iwe jumla inayopanda: steji ya kwanza 28, ya pili 28 jumlisha 41 ni 69, hivyo hivyo hadi 3,600. Gawanya 3,600 kwa 40, upate 90. Chagua namba nasibu kati ya 1 na 90 kwa RANDBETWEEN, fomula ya Excel ya namba nasibu, mara moja tu. Iandike kwenye daftari na tarehe. Ukirudia mpaka steji ya mbali isiwemo, umeshachagua wewe. Ikitoka 37, steji zako ni zile zinazobeba namba 37, 127, 217, na kuendelea hadi 3,547.

Uzuri wa njia hii unaonekana kwenye nafasi za watu. Steji ya watu 30 ina nafasi moja kwa tatu ya kuchaguliwa, na mtu ndani yake ana nafasi 15 kwa 30. Jumla moja kwa sita. Steji ya watu 60 ina nafasi mbili kwa tatu, na mtu ndani yake 15 kwa 60. Tena moja kwa sita. Kila mhudumu ana nafasi sawa, na huhitaji uzani (kuyapa majibu ya wengine uzito zaidi ili kusawazisha nafasi) baadaye. Steji zenye watu chini ya 15 ziunganishe na jirani zake kabla ya kuanza. Yenye watu zaidi ya 90 inaweza kuguswa mara mbili. Ikiguswa, chukua watu 30 humo.

Panapoharibika ni hapa: daftari lilisema 30, unafika unakuta 44 halisi. Usiendelee kimya na 15. Ama chukua nusu ya wote, yaani 22, kama ulivyokusudia kuchukua nusu, ama chukua 15 na uwape uzani wa 44 kwa 30 wakati wa kuchambua.

Uwanjani

Ndani ya steji piga kura hadharani. Vikaratasi vyenye namba ndani ya helmeti vinafanya kazi vizuri kuliko simu, kwa sababu kila mtu anaona na hakuna anayedai ndugu za mwenyekiti wamependelewa. Kwenye helmeti ziwemo namba za wote walio kwenye orodha, si za waliopo steji tu. Kuwaacha wasiokuwepo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii. Saa moja hadi saa tatu asubuhi wenye wateja wako barabarani. Waliokaa juu ya pikipiki wakingoja ni wale ambao siku haijawaendea vizuri. Ukihoji waliopo, unapima sonona ya wasio na wateja na kuiita sonona ya bodaboda.

Kwa hiyo namba ya mtu ikitoka, mpigie mwenyewe, mkubaliane wakati. Saa nne hadi saa tano na nusu asubuhi huwa na utulivu. Akikosekana, jaribu mara tatu kwa siku na saa tofauti, mara moja ikiwa Jumapili au jioni. Kila jaribio liandikwe: amepatikana, hayupo, amekataa, ni mgonjwa, hajulikani. Baada ya hapo mwache. Usimbadilishe na aliye karibu, maana ulishaongeza sampuli kwa ajili ya wanaokosekana ulipogawanya kwa 0.8. Wasaidizi wanaolipwa kwa kila hojaji iliyojazwa watabadilisha watu bila kukuambia. Walipe kwa siku.

Vivyo hivyo, mwenyekiti wa steji au mzee wa mtaa akupokee, akutambulishe, kisha akae mbali. Wakikuchagulia watu, watakupa wazungumzaji wazuri.

Majibu nayo hupinda

Mtu sahihi anaweza kukupa jibu lisilo sahihi. PHQ-9 ikiulizwa steji, wenzake wakisikia, maswali ya kujiona umeshindwa yatapata sifuri nyingi. Sogea mita kumi, mpe kadi yenye namba 0 hadi 3 aonyeshe kwa kidole, au ajaze mwenyewe kwenye tableti. Swali la tisa linahusu mawazo ya kujiumiza. Usilitumie kama huna mshauri nasaha aliyekubali kupokea simu siku hiyo hiyo, na utaratibu ulioandikwa wa nani anampeleka mtu wapi.

Upande wa pili ni kukuza matatizo. Katika mitaa iliyozoea mashirika, kama Mathare na Kibera, fulana yenye nembo inaleta matarajio ya msaada, na shida zinaongezeka kadiri mahojiano yanavyoendelea. Vaa kawaida. Sema mapema, kabla ya swali la kwanza, kwamba hakuna mradi unaofuata. Fidia ya muda iwe ndogo na sawa kwa wote, nayo itajwe kwenye fomu ya ridhaa. Ikikaribia mapato ya siku nzima, watu wa steji ya pili watajiandikisha kwenye ya kwanza.

Kuna pia wanaokubali kila kauli, hasa mahojiano yakipita nusu saa. Kipimo cha kujithamini cha Rosenberg kina kauli kumi, tano chanya na tano hasi, kwa sababu hiyo. Ukikuta mtu amekubali "najiona nina thamani" na "najiona sifai kitu" kwa nguvu sawa, umemchosha.

Sehemu zisizo na steji

Ukifanya utafiti wa kaya, maeneo ya kuhesabia watu ya KNBS, shirika la taifa la takwimu, ndiyo mahali pa kuanzia. Kuruka nyumba kwa hatua sawa ni rahisi, ila angalia hatua isilingane na jengo. Katika magorofa ya mtaa wa Pipeline, ukikuta vyumba vinane kila ghorofa na wewe unaruka nane nane, utagonga mlango ule ule kila ghorofa, labda ule wa kando ya ngazi, wenye kelele na kodi tofauti. Tumia saba, au piga kura upya kwa kila jengo. Mlangoni usimhoji anayefungua. Omba mtu mzima ambaye siku yake ya kuzaliwa ndiyo imepita karibuni zaidi, au tumia jedwali la Kish la 1949, linaloteua mtu mmoja kati ya watu wazima wa kaya. Katika mitaa ya wenye nacho kama Kilimani na Karen shida ni geti: bila barua kwa chama cha wakazi wiki mbili kabla, mlinzi ndiye anayeamua sampuli yako. Desemba usiende popote. Waliobaki jijini si wale wa Novemba.

Wanafunzi wa chuo ni rahisi kuwapata na ndiyo sababu wamezidi. Mwanasaikolojia Arnett alionyesha mwaka 2008 kwamba katika majarida sita makuu ya saikolojia ya Marekani, asilimia 68 ya sampuli zilitoka Marekani na asilimia 96 katika nchi za Magharibi zilizoendelea kiviwanda. Tunaisoma takwimu hiyo darasani kwa hasira, kisha tunakwenda kuwahoji wanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada na kuandika "vijana wa Kenya". Tena wanafunzi hao wameshachujwa. Aliyeingia shahada moja kwa moja alipata C+ au zaidi kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, kwa hiyo uhusiano wowote na alama za mtihani utaonekana hafifu kuliko ulivyo kati ya waliofanya mtihani wote.

Kwa watu wasio na orodha kabisa, mfano watumiaji wa dawa za kulevya, njia ya mtu kumleta mtu ndiyo inayobaki. Mwanasosholojia Heckathorn aliipa taratibu mwaka 1997: kila mmoja anapewa kuponi chache tu, kwa kawaida tatu, na unamuuliza anawafahamu wangapi wa kundi hilo, ili mwenye marafiki wengi asibebe uzito mkubwa. Bila kuponi na bila swali hilo, una picha ya ukoo mmoja wa urafiki. Mgao wa wanaume 200 na wanawake 200 hautibu hili. Idadi zinapendeza, lakini waliojaza mgao ni waliokuwa karibu.

Wala wingi hautibu. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kura za maoni kama milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Landon angeshinda urais. Mpinzani wake, Roosevelt, alichukua majimbo 46 kati ya 48. Majina yalitoka kwenye vitabu vya simu na usajili wa magari, na waliojisumbua kurudisha kura walikuwa tofauti na waliozitupa.

Unapoandika

Toa hesabu yote: walioteuliwa 600, waliopatikana, waliokataa, waliomaliza, na sababu. Linganisha waliomaliza na orodha nzima kwa yale uliyonayo kwa wote, kama wadi, ukubwa wa steji na miaka ya uanachama. Linganisha pia waliopatikana jaribio la kwanza na waliopatikana la tatu; wa tatu wanafanana zaidi na ambao hukuwapata kabisa.

Kisha weka mipaka. Tuseme walimaliza 475, na 95 kati yao walipata alama 10 au zaidi, yaani asilimia 20. Waliokosekana ni 125. Hao 125 wote wangekuwa salama, kiwango kingekuwa 95 kwa 600, asilimia 15.8. Wote wangekuwa na dalili, 220 kwa 600, asilimia 36.7. Wakiwa na dalili mara mbili ya waliohojiwa, jambo linalowezekana ikiwa wengi wao ni majeruhi, wanaongezeka 50 na kiwango kinakuwa asilimia 24.2. Chapisha namba hizo tatu kwenye jedwali moja na ile 20, juu yake, mahali msimamizi atakapoziona kabla hajageuza ukurasa.